Mikono Yangu, Uso wa Mwingine

Pasiansi, Mwanza
14 Juni

Kaka Projest,

Shikamoo. Natumaini Dar imekupokea vizuri na kifua hakikusumbui tena. Mimi ni mzima wa mwili, na Mama pia; yuko hapa kwangu tangu Jumamosi. Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu hupokei.

Mama alitoka Muleba kuja kuona maonyesho ya yale mashindano ya picha za sanaa za Kijapani. Kanisani kwao alishatangaza kuwa binti yake katundikwa ukutani, mshindi wa kwanza. Nami nilijivunia, acha tu. Bi Sachiko, yule Mjapani aliyekuwa akijitolea shuleni kwetu, alinifundisha miezi minne kuvaa kimono, kukaa kwa kupiga magoti na kukoroga chai yao ya unga wa kijani, akaniachia kimono cha bibi yake alipoondoka. Pale studio kwako Kirumba ulitundika pazia la maua, nikakoroga unga wa mlonge kwa kuwa chai yenyewe ilikwisha, nawe ukanipiga picha, harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni ikitujia dirishani. Tulicheka hadi machozi. Ulisema hii ni picha yetu sisi wawili.

Basi Mama akapita mbele ya picha hiyo mara mbili, akinitafuta. Mimi nikaduwaa: kimono changu, bakuli langu, lakini uso ni wa mwanamke wa Kijapani nisiyemjua. Mara Mama akarudi, akagusa kioo, akasema mkono ule anaujua, kovu lile ni la uji uliomponyoka yeye nikiwa mchanga. Akaniuliza uso wangu wameupeleka wapi. Nikamdanganya kuwa kompyuta ilikosea. Hivi kaka, uso wangu ulikukera nini? Sura hii si ndiyo yako pia? Umenisaliti, na imeniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Halafu ukathubutu kunitumia ujumbe kwamba waandaaji wa mashindano wakinipigia niseme yule ni mgeni kutoka Japani! Nilikujibu sawa. Haikuwa sawa. Jana walipopiga niliwaambia ukweli wote, nikawatumia na ile picha ya kwanza, yenye uso wangu, uliyonirushia siku ile. Ushindi wameufuta. Ni mimi, usimtafute mwingine.

Kwa Mama sijasema. Bado anailaumu kompyuta, na kila akishika rozari anakuombea upate mashine nzuri zaidi. Hilo nakuachia wewe. Njoo umwambie mwenyewe, ukimtazama usoni.

Msalimie wifi na watoto. Mama anakusalimu sana.

Mimi mdogo wako,
Odeta