Kibodi Kinachosikika Mpaka Barabarani

Likoni,
Jumamosi, baada ya adhuhuri.

Mama, shikamoo.

Kache mdogo wangu, kabla hujaanza kumsomea Mama, kunywa maji kabisa. Barua hii ni ndefu, na safari hii nimeipiga chapa, kwa hiyo huna kisingizio cha mwandiko wangu. Soma polepole na usiruke chochote.

Mama, mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Mjomba Charo imesaidia? Mvua imefika Bamba, au bado mnayatazama mawingu yakipita? Na yule mbuzi mweupe amezaa? Mimi sijambo. Shangazi Sidi pia hajambo. Anasema nikwambie kwamba nakula vizuri, sinenepi tu, na kosa si lake.

Katika barua iliyopita nilikwambia usijisumbue kuja shuleni siku ya wazazi, kwa kuwa njia ni ndefu na mgongo wako unauma. Nataka kurudi kwenye jambo hilo, ila siwezi kulifikia kabla sijakueleza habari za kibodi.

Kibodi ni kile kibao chenye vibonye vya herufi ambacho mtu hukibonyeza ili maneno yatokee kwenye kompyuta. Dukani kwa Shangazi, ambako humsaidia kuchapa nikitoka shule, kulikuwa na kimoja kipya, chepesi, kisicho na sauti. Mwezi uliopita kilimwagikiwa chai ya tangawizi kikafa. Niliyemwaga ni mimi. Katika kutafuta cha kushikizia nikaona kitu chini ya meza, kimebebeshwa makasha ya karatasi, ambacho siku zote nilidhani ni kipande cha ubao. Kumbe ni kibodi ambacho Shangazi alianzia nacho kazi kabla sijazaliwa. Ni kizito kama jiwe la kusagia, na weupe wake umegeuka manjano.

"Hicho kiache," Shangazi akasema. "Kelele zake zilikuwa zinanifukuzia wateja."

"Lakini kinafanya kazi?"

"Kwa nini kisifanye? Hicho ukimpiga nacho mwizi leo, kesho unachapia nacho taarifa ya polisi."

Niling'oa vibonye kimoja kimoja kwa mpini wa kijiko, nikavipanga kwenye sinia ili nisisahau mahali pake, nikaviosha kwa maji ya sabuni na kuvianika juani. Ndani nilikuta punje za wali, pini mbili na mende aliyekauka. Chini ya kila kibonye kuna springi yake ndogo. Herufi Q na X bado ni kama mpya, lakini A imefutika kabisa, imebaki laini kama kokoto ya pwani. Nikafikiri ni watu wangapi wameketi pale dukani wakasema "mama", wakasema "baba", wakasema "naomba". Fundi wa simu wa jirani alitupatia kiunganishi, kwa sababu kichwa cha waya wake wa zamani hakiingii kwenye kompyuta za siku hizi, na kibodi kikaamka.

Mama, laiti ungekisikia! Kila herufi inalia ta, ta, ta, na kile kibonye kirefu cha chini, cha kutenga neno na neno, kina mlio wake mzito: du. Mama anayekaanga viazi karai upande wa pili wa barabara alipiga kelele, "Sidi! Mnatwanga nini humo, tuje na ungo?" Shangazi akataka nikiondoe siku ileile. Nilimwomba aniachie. Unanijua nilivyo; mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo lakini sauti hukwama. Kibodi hiki kinasikika mpaka barabarani, nami nimenyamaza.

Siku ya tatu akaingia Mzee Bakari. Ni jirani yetu, macho yake hayaoni tena ila mwanga na kivuli, na baada ya sala ya alasiri hukaa kwenye baraza iliyo kando ya duka. Aliingia kwa kupapasa ukuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe unopiga hiyo ngoma?"

Nikadhani amekuja kulalamika, nikaomba radhi.

"Radhi ya nini? Nataka uniandikie barua. Nilikwenda kwa kijana mmoja huko mjini, akichapa hasikiki kabisa. Sijamaliza kusema, yeye ashasema, 'Tayari.' Mimi nitajuaje kaandika nini?"

Shangazi akasema atamwandikia yeye, maana ana kasi zaidi.

"Wewe una kasi na mdomo pia, Sidi. Namtaka huyu mwenye haya."

Shangazi akacheka, akatoka kwenda kununua viazi ili atuachie nafasi. Barua ilikuwa ya kwenda kwa binti yake, Mwanaisha, afuaye nguo katika hoteli moja Shanzu. Mzee alimkataza kazi ile kwa sababu ya maneno ya watu. Binti hakuacha, naye Mzee akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Miaka imepita. Nikamuuliza kwa nini hampigii simu.

"Nikishika simu naanza kugomba. Najijua. Haya, andika. Mwanangu."

Mama, hapo ndipo nilipokosea. Shuleni tumefundishwa barua ya kirafiki ina utangulizi, nami nilimwonea huruma, nikataka barua yake ipendeze. Nikachapa: "Kwa mwanangu mpendwa, natumai waraka huu utakukuta ukiwa buheri wa afya, nami huku sijambo ila..."

"We! We! Simama."

Nikasimama.

"Mimi nimesema neno moja. Wewe umepiga arusi nzima."

Nikaondoa vidole kwenye vibonye.

"Siku mbili nimekaa hapo barazani nikikusikiliza. Hiyo inolia du ndiyo inotenga maneno, sivyo? Nimehesabu kumi, kisha nikachoka. Umetia nini humo?"

Nilimsomea. Uso wangu ulikuwa wa moto. Alisikiliza mpaka mwisho bila hasira.

"Maneno mazuri, wallahi. Lakini si yangu. Mwanaisha ananijua. Akiyasikia haya atasema, huyu kaandikiwa, baba hajasema kitu. Mimi maisha yangu yote sijapata kusema buheri wa afya. Futa."

Nikafuta. Tukaanza upya. Alisema neno, akangoja milio iishe, kisha akasema jingine. Barua ilipokwisha ilikuwa hivi:

"Mwanangu. Nilikosea. Mlango u wazi. Njoo. Babako."

Maneno saba. Mzee alitaka nimsomee mara tatu. Nilipoyatoa kwenye karatasi yalionekana machache mno, karibu yapotee katikati ya weupe ule, nami nilimhofia. Niliona binti atakasirika kupata kijibarua kama kile baada ya miaka yote. Siku nne nilikuwa nikikaa darasani nikikifikiria kikaratasi hicho.

Juzi alirudi ameshika bahasha. Hakutaka mtu wa nyumbani kwake amsomee. Nikaifungua, nikasoma, "Baba. Nitakuja Jumapili. Usipike."

Akawa anakunja vidole. "Manne?"

"Manne, babu."

"Hakuna jingine nyuma ya karatasi?"

"Hakuna."

"Kanishinda," akasema, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kikoi. "Huyu ni wangu kweli."

Nilimwomba ruhusa nikuandikie habari hizi. Akauliza unakaa wapi, nikamwambia Bamba. "Basi mwambie tu. Bamba sina jamaa wa kunisengenya." Jumapili yenyewe ni kesho. Hivi ninavyochapa namwona kupitia mlangoni, anafagia baraza yake mwenyewe, anapapasa kwa mguu kwanza ndipo afagie.

Mjomba Charo atakuja kuichukua barua hii jioni. Msalimie Baba akirudi machungani. Msalimie Bibi, mwambie ukindu alioniletea nimeshausuka mkeka mdogo, umepinda lakini unakalika. Wasalimie mapacha wa jirani ambao bado wana kitabu changu.

Sasa, Kache, hapa utataka kuruka, au kulainisha. Usilainishe. Msomee Mama kama nilivyoandika.

Mama, niliposema usije, sababu haikuwa njia wala mgongo. Siku ya wazazi kila mzazi hutia sahihi mbele ya darasa, na wewe hutia kidole gumba. Niliona haya. Nikakuandikia maneno mazuri juu ya afya yako.

Nilikosea.

Ni Ijumaa ya mwisho wa muhula, asubuhi. Njoo. Nitakungojea langoni.

Dama