Msoma Habari wa Saa Mbili

4 Februari

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba masikio yanakusumbua kwa kiasi kile kile, si zaidi. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Bosi hajambo kuliko sote. Rimoti ya televisheni bado iko mikononi mwake na hajaonyesha dalili yoyote ya kuachia madaraka.

Najua matokeo ya Jumamosi umeshayaona, ila nakuandikia makusudi uyasome tena kwa mwandiko wangu: mbili bila. Mbili bila, baba! Nilikuwa na kamera yangu nyuma ya goli lenu. Bao la pili lilipoingia, kamera ikatikisika, na mwongozaji akanifokea sikioni: "Wewe namba tatu, kuna tetemeko huko?" Kazi hii nimeifanya tangu kabla sijaoa kwako, na bado sijajifunza kushangilia bila kutumia mabega.

Kampeni nazo zimeanza. Natolewa mpirani, napelekwa kwenye mikutano ya wagombea. Mpira angalau una mwamuzi.

Juzi Bosi aliniuliza kama mama yake alikuwa shabiki wa timu yangu au yako. Nikamwambia alikuwa shabiki wa yeyote anayefungwa, kwa huruma tu. Huu ni mwaka wa tatu tangu binti yako atutoke, na bado yako maswali ambayo namjibu mtoto huku nimegeukia dirishani.

Wasalimie majirani.

Mkweo

11 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Masikio ndiyo hayo, ukishinda na mitambo ya kuchapa magazeti ujana wako wote, kelele zake zinabaki masikioni. Ndiyo maana nashukuru unaandika. Kwenye simu nakusikia kama mtu aliyejifunika blanketi, nami naitikia "ndiyo, ndiyo" hata nikiulizwa kama nimeshakufa.

Mbili bila nimeiona. La kwanza lilikuwa la kuotea, na kila mwenye macho aliliona isipokuwa mshika kibendera na kamera namba tatu. Ile mashine yenu ya kurudia picha ilikuwa wapi? Au nayo imevaa jezi?

Kwa kuwa sisikii, televisheni naangalia nyuso. Sasa niambie, yule binti wenu anayesoma habari za saa mbili ana nini? Mafuriko, anatabasamu. Ajali, anatabasamu. Enzi zetu gazeti likibeba msiba ukurasa wa kwanza, hata sisi wapanga herufi tulifanya kazi kwa kunong'ona. Mwambieni abane mdomo kidogo.

Na huko kwenye mikutano fungua macho. Sisi tuliletewa picha ya mheshimiwa na watu wachache waliotawanyika. Mhariri anachukua mkasi, anabakiza wale waliobanana, chini yake napanga herufi: UMATI. Siku hizi mkasi mmeutia betri tu.

Mwambie Bosi mama yake alikuwa wa timu yangu, ila kwa siri.

Baba mkwe wako

2 Machi

Baba mkwe,

Shikamoo. U hali gani? Sisi wazima, ila nina habari.

Kwanza, yule msoma habari hatabasamu. Ndivyo mdomo wake ulivyo, kona zimeinuka zenyewe, hata akikasirika. Nimemwona akikasirika, na sababu ilikuwa mimi.

Mgombea alikuja uwanjani na viti vya nyuma vilikuwa vitupu kiasi cha kuonekana rangi yake. Nikaambiwa sikioni, "Bana picha, namba tatu. Bana zaidi." Nikabana. Wakabaki waliokaa mbele, wakionekana kama dunia nzima. Nikakumbuka mkasi wenu. Basi nikairudisha picha nyuma polepole mpaka uwanja wote ukaingia, na tulikuwa hewani moja kwa moja.

Jioni yule binti akapewa karatasi imeandikwa "maelfu wafurika." Akauliza mbele ya chumba kizima, "Wamefurika wapi? Picha si tumeiona sote?"

Mhariri akamwambia, "Soma kilichoandikwa. Mengine si kazi yako."

"Basi nitasoma kwamba mkutano umefanyika. Hayo ya kufurika atayasoma aliyeyaona."

Na ndivyo alivyosoma.

Mimi nimehamishiwa kipindi cha mapishi. Siku hizi napiga picha vitunguu. Ni watulivu, na hawana chama.

Bosi naye amejifunza dansi kwenye simu ya dada wa jirani, anasema anatafuta wafuasi. Nikamuuliza, wafuasi wa nini? Akanitazama kama ninavyokutazama wewe ukisema bao lilikuwa la kuotea. Nimkataze?

Mkweo

19 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Nafurahi kusikia mko wazima. Dansi mwache acheze. Mama yake alikuwa anacheza mbele ya kioo cha kabati mpaka mlango ukang'oka bawaba, na mfuasi wake alikuwa mmoja tu, mimi, niliyekuwa nachungulia. Usikatae kuwa mfuasi, hilo tu.

Kuhusu vitunguu, pole, na hongera. Sikuandika mara moja kwa sababu sikujua nianze na lipi.

Lakini yule binti yuko wapi? Habari sasa anasoma bwana mmoja anayekimbiza maneno kama ana basi la kuwahi. Kumbe nilikuwa nimemzoea! Kama wamemtoa kwa sababu ya uliyoniandikia, mpe salamu zangu. Mwambie kuna mzee kiziwi aliyekuwa akimsengenya kila jioni, na sasa anamtetea kwa jirani mpaka jirani anaaga mapema.

Likizo ikifika mlete Bosi. Nyumba imekuwa kimya hata kwangu mimi.

Baba mkwe wako

30 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Salamu zako nimezifikisha. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Kweli wamemtoa kwenye televisheni. Wamempeleka redioni kusoma matangazo ya vifo, na huko hakuna anayelalamikia mdomo wake.

Barua hii nimejaribu kuiandika mara nyingi, na kila mara najikuta nimeingia kwenye mpira, kwa sababu mimi na wewe mpira ndio mlango wetu. Leo naingilia dirishani. Baba, nataka kumuoa yule binti.

Najua inaonekana haraka, ila si mzaha. Baada ya yale ya uwanjani tulikuwa tunakula pamoja kantini kwa kuwa wengine walikuwa wanatukwepa. Akaanza kupita nyumbani kumsaidia Bosi masomo. Siku moja nikajikuta nacheka jikoni, nikashtuka na sauti yangu mwenyewe.

Sijui nakuomba nini. Mtu hamwombi baba wa mke wake ruhusa ya kuoa mwingine. Ila nisingeweza kukubali usikie kwa Bosi, na huyo siri haikai kwake.

Mkweo

28 Aprili

Baba,

Shikamoo. U mzima?

Niliandika, sijapata jibu. Bosi alikuandikia, ukamjibu kurasa mbili na mchoro wa paka, kwa hiyo najua barua zinafika.

Uchaguzi umepita na mgombea wetu wa viti vitupu ameshinda. Likizo nayo imepita, na sikuthubutu kumleta mtoto bila neno lako. Jumapili iliyopita timu yako imechukua kombe. Nilikaa siku nzima nasubiri matusi yako. Hayakuja, na hapo ndipo nilipojua nimekuumiza.

Mkweo

17 Mei

Mkwe wangu,

Marahaba. Mimi mzima, sasa.

Ni kweli. Tulichukua kombe nikakaa kimya, mpaka jirani akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, wa zamani.

Barua yako niliianza nimesimama nikaimaliza nimekaa. Sikukukasirikia, naomba uamini. Niliogopa. Binti yangu ndiye aliyetuunganisha mimi na wewe. Ukioa kwingine utapata baba mkwe mwingine, na mimi nitakuwa nani? Mzee fulani wa kuandikiana naye habari za mpira. Na Bosi atapelekwa likizo kwa babu mwenye masikio mazima. Aibu ya kuogopa ikanizuia kuandika, na kadiri siku zilivyopita ndivyo kalamu ilivyozidi kuwa nzito.

Jumapili hii jirani kaja kunigusa bega kwamba kuna mgeni anabisha. Mlangoni kasimama yule binti. Uso ule ule wa kwenye televisheni, ila mwenyewe mfupi! Likanitoka: "Kumbe u mfupi hivi?"

"Shikamoo baba," akasema. "Huwa wananikalisha juu ya mto."

Hukujua amekuja, aliniambia. Anwani aliitoa kwa Bosi.

Hakukaa alipoonyeshwa. Alivuta kiti mpaka penye mwanga wa dirisha, akakaa uso kwa uso nami, akasema polepole, kila neno likionekana mdomoni. Sikupitwa na hata moja. Mkwe wangu, watu wakizungumza nami huwa wanapiga kelele, au wanachoka. Huyu alinisomea kama vile mimi ndiye taifa.

"Sikuja kuomba ruhusa," alisema. "Nimekuja kwa sababu mwenzangu hali chakula. Alimzika baba yake mzazi yeye bado kijana. Anasema sasa amempoteza wa pili."

Nikauliza lililokuwa linanisumbua: "Na picha ya binti yangu pale sebuleni? Utaitoa?"

"Huwa naifuta vumbi. Mwenye nyumba ile ni Bosi, na hajatoa amri nyingine."

Nikamuuliza ni wa timu gani. Akasema mpira haupendi, anaona ni watu wazima wanaogombea kitu kimoja wakati vipo vingi dukani. Hilo nimelisamehe kwa tabu.

Alipoondoka nilimsindikiza hadi barabarani. Kula, mwanangu. Oa. Na Bosi usimcheleweshe tena.

Baba mkwe wako

6 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua yako niliisoma kazini, kwenye seti ya mapishi, na mpishi akadhani ni vitunguu.

Sikujua kabisa kwamba alikuja kwako. Nilipomuuliza alisema, "Ningekwambia ungenizuia." Na kweli ningemzuia.

Bosi tumeshamwambia. Aliuliza kama rimoti itabaki kwake. Tulipomhakikishia, akaenda kulala. Asubuhi akauliza kama babu anajua, na kama babu amekasirika. Nikamwambia babu anajua na babu hajakasirika. Hapo ndipo alipocheka.

Limebaki jambo moja na silipatii ufumbuzi. Wazazi wa binti wanataka mzee wa upande wangu aje wazungumze. Baba mdogo ndiye niliyemtegemea, lakini wakati wa kampeni alikuwa akimpigia debe yule mgombea. Ameniambia hawezi kukanyaga nyumba ya binti aliyemwaibisha kiongozi wake hadharani. Nimemsihi, amekata simu. Wazee wengine wa ukoo nao wanamfuata yeye. Baba wa binti ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, na amesema waziwazi kwamba kijana asiye na mtu nyuma yake hamwelewi.

Nakueleza tu, kama ninavyokueleza mengine. Kuna mambo hata mimi sithubutu kumwomba mtu.

Mkweo

20 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Bosi. Mimi mzima, ila miguu imechoka, na sababu yake ndiyo hii.

Nimekwenda kwa fundi baiskeli. Anwani alinipa binti mwenyewe, nami nikamwomba anyamaze kama alivyonyamaza kwako alipokuja kwangu. Nilivaa suti ya kuagwa kazini. Jirani akanisindikiza awe masikio yangu.

Walitupokea vizuri, tukakalishwa, tukaulizwa habari za safari. Kisha mzee wa watu akanigeukia: "Nawe ni nani wa kijana?"

"Ni baba yake."

"Wa kumzaa?"

"Hapana. Marehemu mke wake ndiye niliyemzaa."

Chumba kikanyamaza. Ukimya ule hata mimi niliusikia. Mama wa binti alikuwa ameshika sinia la chai, akaliweka chini palepale alipokuwa. Jirani yangu akaanza kutazama mlango.

Fundi alinitazama toka viatu hadi uso. Kisha akasogeza kiti chake, akasema kwa sauti ambayo sikuhitaji kusaidiwa: "Basi ni wewe wa kuulizwa. Mtu mwingine yeyote angekuja hapa angemsifu tu. Binti yako aliishi naye vipi?"

Mwanangu, nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilikuwa na maneno ya heshima, nimeyapanga kama ukurasa wa kwanza. Yote yakanipotea. Nikasema niliyoyaona.

Nikawaambia kwamba alipougua ulikihamishia kitanda chake dirishani, aone watoto wakitoka shule. Kwamba ulimsuka nywele vibaya sana, shangazi zake wakataka kuzifumua, naye akakataa zisiguswe. Kwamba siku ya fainali ulimwachia mwenzako kamera ukabaki naye, ukamtangazia mpira mzima kutoka kichwani mwako, hakuna redio wala televisheni iliyowashwa. Hukujua kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikusikia hata neno moja ulilomwambia, mpira niliusoma mikononi na mabegani mwako tu, ila nilimwona binti yangu anacheka, na sikumwona anacheka tena baada ya hapo.

Nikawaambia, "Ningekuwa na binti wa pili, ningempa huyu huyu."

Mama wa binti alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Fundi akainuka, nikadhani ndiyo tumefukuzwa. Kumbe alikwenda kuliokota lile sinia mwenyewe. Akanimiminia chai kwa mkono wake, akasema, "Mwambie kijana aje Alhamisi."

Basi njoo Alhamisi. Ombeni ruhusa kazini, wewe kwa watu wa vitunguu na yeye kwa watu wa vifo. Vaa shati lenye kola, na fundi akikuuliza jambo, mjibu kwa ufupi, hapendi maelezo. Bosi mwache kwangu ukipita, nimeshatandika kitanda chake.

Baba