Baba, Pikipiki Sasa Ina Taa ya Breki

Ulyankulu, Tabora

Baba yangu,

Shikamoo. Na Mama pia shikamoo, najua yuko hapo pembeni anangoja umsomee. Goti lako linaendeleaje na mvua za Tukuyu? Mimi ni mzima. Nimetanguliza hilo ili msishtuke na yanayofuata.

Ile pikipiki niliyowaambia nimeipata kutoka kambi ya wawindaji iliyofungwa ni ya porini kabisa. Ni ndefu, nikisimama nagusa chini kwa ncha za vidole. Kwenye mchanga na vijia vya miombo hakuna inayoishinda, lakini nyuma haikuwa na taa hata moja. Huku vijijini ninakozunguka kuchanja kuku halikuwa tatizo. Shida ni kwamba chanjo naifuata Tabora mjini, na huko lazima nipite barabara kuu.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa narudi na boksi la barafu lenye chanjo ya kideri. Ng'ombe wakakatisha mbele yangu, nikashika breki. Nyuma kulikuwa na lori la tumbaku, na dereva hakujua kwamba nasimama. Alijitahidi kunikwepa, ila ubavu wa lori ukanigusa, nikarushwa mtaroni. Mfupa wa bega ukavunjika, na chanjo yote ikamwagika.

Dereva mwenyewe ndiye aliyenibeba mpaka hospitali.

"Dada, haki ya Mungu sikuona kama unasimama," akawa anarudia. "Ningeona taa hata kidogo, ningekanyaga breki mapema."

Bega liliuma, Baba, lakini jioni wodini ziliuma zaidi. Ndugu za watu wanaingia na vyombo vya chakula na mashuka yaliyofuliwa, kila kitanda kina mtu wake. Muuguzi akaniuliza, "Wewe nani anakuletea chakula?"

"Watakuja," nikasema, nikageukia ukutani.

Mama mmoja, Mama Nyamizi, alikuwa anamuuguza mama yake kitanda cha jirani, akanisikia. Asubuhi akaja na vikombe viwili vya uji. "Mwangaluka," akanisalimu kwa Kinyamwezi. "Kunywa, mwanangu. Hao watakaokuja watakukuta umeshiba." Akafanya hivyo kila siku mpaka nikaruhusiwa, wala hakuuliza tena habari za ndugu.

Bega lilipounga niliipeleka pikipiki kwa Saidi, fundi umeme wa pale mjini. Akaizunguka, akatikisa kichwa.

"Hii haina hata betri, dada. Injini inatoa umeme kidogo tu. Nikikufungia taa moja kwa moja, itawaka ukivuta mafuta. Ukipunguza mwendo itafifia."

"Yaani itafifia ninapofunga breki?"

"Hapo hapo unapoihitaji."

Tukakubaliana afunge betri ndogo chini ya kiti, iwe inachajiwa na injini, na taa isiyokula umeme mwingi. Akauliza breki gani naitumia zaidi, nikamwambia ya mkono. Akaweka swichi mbili, moja huko mkononi, nyingine kwenye pedali ya mguu, ili yoyote nitakayoshika iwashe taa. Akafunga na kioo, na indiketa. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Wala haikudumu. Njia zetu hizi ziliitikisa taa mpaka ikaning'inia, waya ukagusa ekzosi na kuyeyuka. Saidi aliporudia kazi aliweka kipande cha mpira wa tairi chini ya taa, na waya akaupitisha upande wa pili.

"Kila asubuhi kabla hujaondoka," akaniambia, "mwite mtu asimame nyuma, akuangalizie kama inawaka."

Nikaitikia. Mtu gani, Baba? Nyumba niliyopewa iko peke yake pembeni ya kijiji, na majirani wanawahi mashambani. Basi naigeuza pikipiki, mkia unatazama ukuta wa chokaa, nabonya breki halafu napinda shingo. Ukuta ukiwa mwekundu, najua inawaka. Asubuhi ya kwanza nilikaa pale nabonya na kuachia, nabonya na kuachia, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Wiki iliyopita nilikwenda tena mjini. Basi lilikuwa nyuma yangu, mbele mkokoteni wa ng'ombe ukaingia barabarani. Nikashika breki huku mwili mzima umekaza. Nikasikia basi linapunguza mwendo, mbali kabisa. Lilipita polepole, dereva akanipungia mkono. Nikasogea pembeni, nikalia kidogo, kisha nikaendelea.

Nilikuwa nimebeba chupa ya uji, nimpitishie Mama Nyamizi hospitalini. Kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine. Muuguzi akasema yule bibi alifariki, wamempeleka kwao Kigwa kumzika. Jumamosi nitakwenda kutoa pole. Namba ya Mama Nyamizi sina, nitaulizia pale stesheni ya Kigwa.

Kuhusu nafasi ya kazi uliyosema imetokea hapo Tukuyu, nimeifikiria sana, usiku mwingine naitaka mpaka silali. Lakini nilipokuwa nimelala hospitali kideri kilipita kijiji kimoja kikamaliza kuku wote, na nilipofika wale akina mama walinipa pole ya bega kwanza. Niache nimalize msimu huu wa chanjo, Baba. Nikiondoka sasa hivi, hawana mwingine.

Msalimie Shangazi, mwambie kitenge chake ndicho nilichofungia mkono. Mdogo wangu Ambakisye asome, aache kuchezea simu. Wanakwaya wenzangu wa Moravian nawakumbuka. Nyimbo huku ni zilezile, ila sauti ninazozijua hazimo.

Nikipiga simu Jumapili, usianze kwa kuniuliza kama nina furaha, maana nitashindwa kuongea. Niulize habari za kuku. Hizo nitakueleza mpaka salio liishe.

Ndaga, Tata. Asante, Baba.

Mwanao,
Atupele