Simu ya Marehemu Baba Niliifunga Mimi

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana haya ninayokuandikia sijamwambia hata mume wangu, na siku hizi nikiwa mbele ya mama yangu natazama chini kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

Nafanya kazi kwenye duka la kampuni ya simu, kaunta namba tatu, mwaka wa saba huu. Miezi miwili iliyopita kampuni ilitoa agizo kwamba simu yoyote ambayo haikununuliwa kwenye maduka yetu au kwa mawakala wetu itafungiwa isipate mtandao, labda mwenyewe ajaze fomu aeleze aliipataje, na tangazo likapigwa redioni wiki tatu mfululizo, asubuhi, mchana na jioni. Nikaletewa orodha ya wateja wa eneo letu nithibitishe mmoja mmoja, na katikati ya orodha nikakutana na jina la mama.

Shangazi, simu hiyo ina historia. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akaenda nje miaka miwili kujenga madaraja, na siku aliyorudi akaitoa sandukuni ikiwa imeviringishwa ndani ya soksi, simu ya vitufe, nzito, ya kwanza mtaani kwetu, na jioni ile ile sebule ikajaa majirani kama kuna msiba, kila mtu anataka kuishika na hakuna hata mmoja mwenye mtu wa kumpigia. Baadaye alipopata kazi karakana akamwachia mama simu ile, akawa anampigia kila siku saa nne asubuhi kwa simu ya ofisini, anauliza swali lile lile, "Mama watoto, leo umepika nini?" na mama, ambaye ni fundi cherehani, anasimamisha kazi na kumjibu kwa kupaza sauti kana kwamba baba bado yuko ng'ambo, "Saa nne hii niwe nimepika nini? Wewe mwanamume huna kazi?" Wakati wa likizo mimi nilikuwa nakaa chini ya meza yake naokota vifungo, na hata leo nikiukumbuka mlio wa simu ile nasikia harufu ya kitambaa kipya kilichopigwa pasi, natamani nirudi pale chini, niwe na miaka tisa tena. Baba alifariki miaka sita iliyopita. Mama akaishonea simu mfuko kwa kipande cha shati la kazi la baba.

Sasa dhambi yangu. Fomu zilikuwa mezani kwangu, rundo zima, hadi nikawa naziwekea kikombe cha chai juu, na sikumpelekea mama hata moja, kwa sababu nilisema moyoni afadhali ifungwe, nimnunulie ya kisasa, awe anawaona wajukuu zake kwenye kioo, nami niache kuona haya mbele ya wenzangu kwamba mama wa mfanyakazi wa kampuni anatumia kitu kile. Nikabonyeza ifungwe. Jumapili nikaenda kwake, akaniambia simu imenyamaza, nikaishika, nikatoa betri, nikaipuliza kama fundi, nikasema, "Mama, imezeeka tu, imekufa." Akanitazama, akasema, "Siku hizi hata simu inaulizwa imezaliwa wapi," akarudi kwenye cherehani yake, nami nikacheka nikidhani anatania. Ile mpya niliyomnunulia iko kabatini, hajaitoa hata kwenye boksi. Ya zamani anaichaji kila siku na kuiweka pembeni ya cherehani, karibu na redio, na kila Jumapili ananiuliza, "Kweli haiponi, mwanangu?" nami namjibu haiponi.

Dirisha la rufaa liko wazi mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo simu haifunguliwi tena, lakini mwenye simu lazima afike mwenyewe kutia sahihi, na juu ya fomu ya rufaa huchapishwa jina la mfanyakazi aliyethibitisha. Jina langu, Shangazi. Nikinyamaza, simu ya baba ndiyo basi. Nikisema, mama atajua nilimdanganya huku ananitazama. Nifanyeje?

Binti wa Kaunta Namba Tatu

SHANGAZI ANAJIBU

Binti wa Kaunta, nimekusikiliza mpaka mwisho, sasa zamu yako.

Kutaka mama awaone wajukuu si kosa. Kosa ni kuona haya kwa sababu ya kitu alichokishonea mfuko. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na wewe hukuacha wa kwako, umemtupia mama yako wa kwake bila kumwuliza! Mimi nina saa ya marehemu mume wangu, haijasogea tangu alipoondoka, na ole wake atakayekuja kuniambia imekufa.

Halafu soma barua yako tena, mwanangu. Mama ana redio pembeni ya cherehani. Tangazo lilipigwa wiki tatu. Binti yake anafanya kazi kwenye kampuni hiyo hiyo. Na siku ulipokuwa unapuliza betri alikwambia simu siku hizi zinaulizwa zimezaliwa wapi. Anajua. Alijua kabla hujafungua mdomo. Alisikia habari za fomu akasema binti yangu ataniletea, akasubiri, hukuleta. Sasa kila Jumapili anakuuliza ili akupe nafasi ya kusema mwenyewe, na kila Jumapili unaikataa. Inaniuma kwa ajili yake, na kwa ajili yako pia, maana najua unampenda.

Usingoje Jumapili. Nenda kesho. Ingia, kaa, sema, "Mama, simu niliifunga mimi, nikakudanganya." Ukifika hapo nyamaza. Usianze habari za wajukuu. Akifoka, afoke, akinuna, mwoshee vyombo.

Kisha omba ruhusa ya siku moja, umpeleke dukani, upange naye foleni kama mteja yeyote, awahudumie mwenzako. Jina lako liko juu ya fomu? Msomee wewe mwenyewe. Kwenye sehemu inayouliza simu ilipatikanaje, najua wameweka mistari miwili mifupi. Ombeni karatasi nyingine. Mwache mama aeleze yote kuanzia kwenye soksi, na foleni ikinung'unika, inung'unike. Ile ya kwenye boksi usiitaje, akiihitaji anajua kabati liko wapi.

Na ikifunguliwa usimpigie papo hapo kuijaribu. Subiri kesho yake, ukiwa kazini, saa nne asubuhi. Mpigie, umwulize leo amepika nini.