Usimtoe Kambare Wako

Mjukuu wangu Salma,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie huko uliko. Sisi Toronto tunashukuru, ila goti la babu yako linamsumbua tangu theluji ianze. Umeniuliza kama umtoe kambare wako jike kwenye tangi, kwa kuwa madume wanamkimbiza kutwa. Usimtoe kwanza.

Nilipokuja hapa mtaani kwetu St. James Town nikiwa bibi harusi, mama mkwe wangu alikuwa akifuga kambare wadogo kama hao kwenye tangi la kioo. Majira fulani nilirudi kutoka hospitali bila mtoto. Hayo tuyaache. Nikamwona jike anakimbizwa, nikachukua kikombe nimtoe.

"Mwache, mwanangu," mama mkwe akasema. "Nimewatilia maji ya baridi, wanadhani mvua imenyesha. Huyo haonewi, anataka kutaga."

Nikakaa nikatazama. Kweli, jike alikuwa akisafisha kioo kwa mdomo. Kisha akayabana mayai kwa mapezi ya tumboni, akapanda nayo, akayabandika pale alipopasafisha.

"Yote yataanguliwa, mama?"

"Hilo si letu kulijua."

Tangu hospitali nilikuwa sijaweza kuomba dua. Siku ile nikainua mikono kwa ajili ya samaki, na nilipoishusha nilikuwa nimejiombea na mimi.

Basi kitazame kioo chako. Ukiona mayai, wahamishe wakubwa, maana huwa wanayala, kisha unipigie simu tuyaombee pamoja.

Akupendaye,
Bibi