Kisima Chako na Meno ya Robi

Guta,
S.L.P. 88,
Bunda.
9 Novemba 2025

Mpendwa Kaka Stanislausi,

Shikamoo kaka. Habari za Masasi, na za kazi ya ghala la korosho? Goti la Shemeji Jenipher linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema anapanda ngazi kwa shida, nasi huku tunamkumbuka kila Jumapili kwenye maombi. Wasalimie watoto wote, hata yule mdogo ambaye bado hatujamtia machoni.

Sisi hapa Guta ni wazima, isipokuwa kifua cha mke wangu Rebeka kinachombana vumbi likizidi. Afadhali mvua za vuli zimeanza wiki iliyopita. Mama nilimtembelea Mwitongo mwezi jana, nikamkuta anapalilia mihogo yake mwenyewe, hataki kusaidiwa. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama jike.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kaka, kwenye simu nimeshindwa mara tatu. Kila ukipiga, neno lako la pili ni kisima, kinaendeleaje, nami najibu kwamba kinatoa maji vizuri. Sikudanganya, maana kweli kinatoa. Ila sikukwambia yote. Sasa nasikia umeagiza gari la kuchimba liende kwa Mama mwezi wa kwanza, na siwezi kukaa kimya tena. Ndiyo maana naandika, usinikatize, na mimi nisipate pa kukimbilia.

Jambo lenyewe ni meno ya mwanangu Robi.

Unajua huyu mtoto alizaliwa mwaka uleule ulipotuchimbia kisima. Hajawahi kunywa maji mengine nyumbani. Meno ya utoto yalipong'oka, ya mbele yaliota na mabaka meupe kama chokaa. Tukasema yatakaa sawa. Hayakukaa sawa. Yakaanza michirizi ya rangi ya chai, na sasa yamekuwa ya kahawia. Mseti, kaka yake, ana meno meupe kabisa, na wamelala tumbo moja, wanakula chungu kimoja. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Kila mtu alikuwa na lake. Kuna waliosema ni ukoo wa akina Rebeka. Mwalimu wake alisema mtoto hapigi mswaki. Mimi, kaka, nilimwamini mwalimu. Nilimuuliza Robi, akasema anapiga mswaki asubuhi na jioni. Nikamchapa fimbo mbili, siyo kwa meno, kwa uongo. Rebeka naye akawa anamsugua kwa mkaa uliosagwa mpaka fizi zinatoa damu. Mtoto akaacha kucheka. Akiongea anaweka kiganja mdomoni, hata hapa nyumbani, hata na mimi.

Mwezi wa sita daktari wa meno alikuja shuleni kwao. Katika darasa la pili aliwatenga watoto saba wenye meno ya namna hiyo, akawauliza nyumbani wanachota maji wapi. Wote saba wakajibu, "Kwa Baba Mseti."

Nikaitwa. Daktari hakunilaumu. Alinieleza tu kwamba meno hayo hayana uchafu, yaliharibikia ndani ya fizi kabla hayajaota, na kwamba nipeleke maji yakapimwe. Meno ya Mseti, alisema, yalikuwa yameshajijenga tulipokuwa bado tunakunywa maji ya ziwa. Nilitembea kurudi nyumbani huku nahesabu siku ambazo Robi aliniambia ukweli.

Nikapeleka chupa ya maji Musoma, maabara. Nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Niliporudi nilimkuta mtaalamu mmoja anaitwa Ephraim, kijana mpole, akanikalisha.

"Vijidudu hakuna," alisema. "Kwa upande huo maji yako ni salama. Lakini kuna madini yanaitwa floraidi, na yamezidi sana. Yanatoka kwenye miamba huko chini. Kidogo yanasaidia meno, yakizidi yanayaharibu, hasa ya watoto wadogo."

Nikamwambia sisi tunachemsha. Nilisema kwa kujisifu kidogo.

"Mnachemsha muda gani?"

"Tangu meno yaharibike, hata nusu saa. Mke wangu anachemsha mpaka yanapungua kwenye sufuria."

Akasema, "Mzee, yanayopungua ni maji. Madini yanabaki. Mmeyakoleza, kama mtu anayekausha mchuzi wenye chumvi."

"Na vidonge vya kutibu maji?"

"Vidonge vinaua vijidudu. Hii siyo kijidudu."

Kaka, nilitoka pale nikashuka mpaka soko la Mwigobero kutafuta dagaa wa kupeleka nyumbani. Nilichagua, nikapimiwa, nikalipa, nikaondoka nikawaacha palepale kwenye mizani. Nilikumbuka nimeshapanda gari la Bunda.

Maana miaka yote tulifundishwa jambo moja. Chemsha, funika, chota kwa kikombe safi chenye mkono. Tulifanya yote. Maji yetu ni meupe, ukiyaweka kwenye glasi unaona upande wa pili. Maji ya ziwa yana rangi ya kijani na yana harufu. Halafu naambiwa haya meupe ndiyo yameharibu mtoto, na yale ya kijani nikiyachuja na kuyachemsha ni bora kwake. Sikujua tena macho yangu yana kazi gani.

Asubuhi iliyofuata nikafungua nati, nikauchomoa mkono wa pampu, nikauweka ndani. Niliona ndiyo haki. Haikufika saa tatu akaja Mbuke, jirani yetu wa upande wa mashamba ya pamba, ana ndoo mbili.

"Umefunga maji?"

Nikamweleza kila kitu, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Unamkumbuka, ndiye aliyezika mtoto kwa kuhara mwaka mmoja kabla hujachimba, tulipokuwa wote tunachota ziwani.

"Baba Mseti," aliniambia, "meno ya kahawia yanatafuna ugali. Mtoto wangu alikufa hana hata meno manne. Wewe unataka nirudi kulekule?"

Hakupandisha sauti, angepandisha ningejua la kusema. Niliingia ndani, nikautoa ule mkono, nikaurudisha kwenye pampu, naye akajaza ndoo zake nami nimesimama pale kama mgeni kwenye boma langu.

Siku nyingi nilikuwa hivyo. Nikiona mtu anachota, najisikia namlisha sumu. Nikifikiria kufunga, namwona mtoto wa Mbuke. Rebeka alinipa shauri la maana kuliko langu. Alisema, "Hatuna maji mabaya, tuna maji ya kazi fulani. Mpigie yule kijana wa Musoma, umuulize kazi ipi na ipi."

Nikampigia Ephraim. Alinieleza taratibu, nami nikaandika nyuma ya daftari la Mseti. Kisima tusikifunge. Maji yake ni ya kufua, kuoga, kuosha vyombo na kufyatulia matofali. Ya kunywa na kupikia yawe mengine, kwanza kabisa kwa watoto ambao meno yao bado yanajijenga, mpaka wafikishe miaka minane hivi. Sisi watu wazima pia tuyaache kadiri tunavyoweza, maana ukiyanywa miaka mingi yanaweza kuingia mifupani. Maji ya mvua hayana hayo madini, lakini mvua ya kwanza tuiache ioshe bati. Mvua ikikatika tuchukue ya ziwani. Tuyaache yatulie, tuyachuje kwa kitambaa kizito, ndipo tuchemshe mpaka yatokote vizuri, au kama yametakata tuweke kidonge na kusubiri nusu saa. Niliuliza kama meno ya Robi yatarudi kuwa meupe. Akasema hapana, kwa maji hayatarudi. Labda siku moja daktari ayafunike.

Basi tumefunga mifereji kwenye bati na kuweka simtanki. Kiangazi chote Mseti alikuwa anakwenda ziwani na punda. Nyumbani sasa tuna ndoo mbili za bomba, ya bluu ya kunywa, nyekundu ya kazi nyingine, na bado mimi mwenyewe nakosea. Juzi Robi alinipokonya kikombe mkononi, akamwaga, akanikingia kingine.

Robi nilimwomba msamaha. Sijui kama kwetu baba alikuwaga anaomba mtoto msamaha, mimi sikuwahi kuona. Nilimwita nyuma ya zizi, nikamwambia, "Ulisema kweli, mimi nikakuchapa." Akauliza, "Na Mama ataacha kunisugua mkaa?" Nikasema ataacha. Akasema sawa, akaenda zake. Mimi nikabaki pale na ng'ombe.

Mbuke hakusema kitu miezi mitatu. Bado anachota kisimani, kama wengi wanavyochota, na sijui nimwambie nini zaidi ya nilichomwambia. Lakini mvua ilipoanza, alikuja na kidumu kimoja cha lita tano. Alisema ni cha Burito, mtoto wake anayeanza kula uji. Tangu siku hiyo kidumu kinakuja kila asubuhi, nami nakijaza kwanza kabla ya vyetu.

Sasa kaka, ninachokuomba. Usiache kumchimbia Mama. Anachota mbali na mgongo umeisha. Lakini sema na hao wachimbaji. Kwanza wapime kisima cha jirani yeyote wa Mwitongo, na wakishafikia maji kwa Mama, chupa ipelekwe maabara kabla pampu haijafungwa. Yapimwe vijidudu na floraidi pia, siyo kuonja na kusema ni matamu. Wetu walionja tu, na sisi tukapiga makofi. Mimi nitapeleka hiyo chupa mwenyewe.

Usije ukafikiri tumekulaumu. Tangu umechimba, hakuna aliyekufa kwa kuhara upande wetu huu. Na meno ya Robi ni yale unayoyajua sasa. Mambo haya mawili yote ni ya kweli, yametoka kwenye bomba moja, na miezi mitano nimeshindwa kujua barua hii iwe ya kukushukuru au ya kukupa habari mbaya. Nimeamua nikupe zote mbili, wewe ndiye mkubwa, utajua kuzibeba.

Rebeka anakusalimia sana pamoja na Shemeji. Mseti anasema shikamoo, na anaulizia kama korosho huliwa mbichi. Mama anasema ukipata likizo ya Krismasi usiishie Mwanza, ufike mpaka mlangoni kwake. Robi amenikataza nisiifunge barua bila neno lake, nami naliandika kama alivyolisema: "Baba Mkubwa, kisima chako tunakiogea kila siku, na sabuni yake inatoa povu jingi."

Mungu awalinde, awape maji mema na nyumba yenye amani.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Clementi