Baba Telesphori, Mwaka Huu Nimeacha Bati

Mwaka umetimia, Thobias, tangu tulipokusindikiza kutoka kanisani Ushirombo mpaka pale nyuma ya shamba la mihogo. Watoto wamesema tangazo hili niandike mimi. Wanaosoma watuwie radhi, nina maneno na mume wangu.

Walikupenda wengi. Kwenye jumuiya wewe ndiye uliyebeba mabenchi, na ukianzisha wimbo ulianzia chini mno, akina mama wakashindwa kukufuata. Wagonjwa uliwapelekea uji kwa baiskeli. Mimi uliniita "mayu", yaani mama, mbele za watu, nikajifanya sijasikia ili urudie.

Lakini jambo lako lilikuwa Kwaresima. Kila Jumatano ya Majivu, tukiwa bado na majivu usoni, ulituuliza mezani: "Mwaka huu unaacha nini?" Wengine huacha pombe, Pasaka wakaipokea kwa shangwe. Wewe ulichokiacha hukukirudia. Pombe ilikwenda hivyo, ikafuata sigara, kisha kamari ya kijiweni, kisha matusi ya machimboni, ambayo mengine yalichekesha kweli. Mimi niliacha sukari. Asubuhi ya Pasaka nilikuwa nakoroga vijiko vitatu, nawe unanitazama tu.

Halafu ukaacha duara, lile shimo lenu la dhahabu. Wenzako walimleta mganga achinje mbuzi mweusi mdomoni mwa shimo ili dhahabu ijitokeze. Ukawaambia, "Damu ya kunitosha ilishamwagika msalabani," ukabeba sururu yako ukarudi kulima. Haukupita muda mrefu duara likatema dhahabu.

Mwigulu, mwenzako wa shimo lile, akajenga. Nyumba ya vigae, geti, na bati jekundu linaloonekana tangu njia panda. Kila nikienda kanisani lazima nilione. Salvina mkewe alinisalimia vizuri, na hizo salamu ndizo zilizoniuma zaidi. Nilikuwa na wivu, Thobias, na ulipotutoka ukaongezeka. Hata wewe nilikuonea wivu, maana ulipita pale ukiwasalimia kwa furaha, ukarudi nyumbani ukalala ukikoroma chini ya bati letu lenye kutu.

Mwaka huu, kabla ya Kwaresima, Mwigulu alikuja nyumbani.

"Shemeji, duara bado linatema. Nafasi ya marehemu iko wazi. Nipe Telesphori."

"Na mbuzi?" nikamuuliza.

"Kila mwaka, shemeji. Telesphori naye atashika kamba ya mbuzi kama wenzake. Ndiyo kazi yenyewe."

Nikamwambia aje wiki ijayo kuchukua jibu. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshachagua na rangi ya bati letu jipya: kijani, ili nimpite Salvina.

Jumatano ya Majivu tukarudi kutoka Misa. Mwanao akakaa kwenye kiti chako, akauliza kwa sauti ile ile yako, "Mama, mwaka huu unaacha nini?"

"Sukari," binti yako Agatha akanijibia, akacheka.

Nilimtazama Telesphori, na majivu yake usoni, nikaiona ile kamba mkononi mwake.

"Naacha bati," nikasema. Hawakunielewa.

Mwigulu aliporudi nilimwambia kijana yuko shambani na atabaki shambani. Hakugomba. Alikunywa chai yake, akaondoka.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Juzi nilisikia wananunua gari la pili, ugali ukanishinda. Ila kanisani sasa naenda kwa njia ya kisimani. Ni mbali, ina matope, viatu vyangu vimekwisha, lakini huko bati la Salvina halionekani.

Unakumbukwa na mimi mkeo Scolastika, wanao Telesphori na Agatha, dada yako Mama Samwel, na wanajumuiya wote, ambao hadi leo hawajapata wa kubeba mabenchi bila kunung'unika. Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii parokiani.

Kila Jumatano ya Majivu swali lako litaulizwa mezani kwetu. Pasaka imepita, Baba Telesphori, na mimi bado napita njia ya kisimani.